Kijiti Ukumbini

"Mng'oa kijiti hazuii ziwa." Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka, sasa mnataka kujua ni kijiti gani na ziwa lipi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko bondeni palikuwa na ziwa lililopanda mwaka hadi mwaka. Lilimeza malisho, likameza zahanati, likabakisha migunga mikavu imesimama majini kama watu wanaongoja kuitwa majina. Diwani alitangaza kwamba maji yatarudi yenyewe, akaweka jiwe la msingi la soko jipya karibu na ukingo. Tangu siku hiyo, ukisema ziwa linapanda, uliitwa mpinzani.

Ndipo yakaja mashindano ya sayansi ya shule, ukumbini palepale bondeni. Mwalimu Kandie alikuwa mmoja wa waamuzi wawili. Desturi yao ilikuwa kwamba mwamuzi hatosheki na maelezo, sharti aiguse kazi yenyewe. Basi zamu ya binti aitwaye Jelimo ilipofika, waamuzi walimfuata hadi ziwani, maana kazi yake ilikuwa huko. Kila masika yalipoisha, Jelimo alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu penye ukingo wa maji. Vya kwanza vilikwisha kuzama. Vilivyofuata vilichungulia ncha tu. Hapakuwa na upepo, wala ndege hakulia, lakini vitambaa vile vilikuwa vikitikisika.

"Kwa mwendo huu," alisema Jelimo, "maji yatafika ukumbini kwetu kabla soko halijaezekwa."

Mwamuzi mkuu, Bwana Cheboi, alicheka. Aliinama, akang'oa kijiti cha mwisho. "Haya, ziwa limekwisha!" Akaondoka nacho kama bakora.

Njiani alimvuta Kandie pembeni. "Kazi hii ni siasa. Mwangushe, twende zetu tukale."

"Nimemuuliza maswali yaleyale niliyomuuliza yule mvulana aliyetangulia na jiko la jua. Amejibu."

"Diwani ndiye mgeni wa heshima, bwana! Na wewe si unangoja ukuu wa shule? Utaungoja kaburini."

Kandie aliendelea kutembea. Cheo hicho alikuwa amekingoja mpaka mvi zikamwota.

Ukumbini, Cheboi aliegemeza kijiti ukutani, nyuma ya meza ya waamuzi. Kandie alishika kalamu na kumwandikia Jelimo alama za chini kabisa. Wino haujakauka, akahisi baridi miguuni. Akatazama chini. Viatu vyake vimelowa.

Penye ufa wa saruji, chini ya kijiti, maji yalikuwa yakitoka kama jasho. Mfagizi aliyapangusa, yakarudi. Akayapangusa tena, yakarudi mengi zaidi. Upande ule haukuwa na bomba. Yalitambaa bila sauti, yananuka matope na samaki, yakaizunguka ncha ya kijiti. Kijiti kilikuwa tena penye ukingo wa maji.

"Nani amemwaga maji?" diwani aliuliza.

Waliokaa mbele walianza kuinua miguu, mmoja mmoja.

Kandie alizifuta zile alama, akasimama. "Jelimo, masika ya mwaka juzi hukuchomeka kijiti. Kwa nini?"

"Nilikuwa naugua malaria, mwalimu."

"Pole, mwanangu. Lakini pengo ni pengo, na hapo nimekukata. Kwingine kote kazi yako imesimama. Umekuwa wa pili, nyuma ya jiko la jua. Nyote wawili mnakwenda kushindana ngazi ya mbele."

Jelimo alifunika uso kwa viganja. Cheboi alinong'ona kwa hasira, "Umejimaliza, wewe!"

"Tazama miguu yako, mzee," Kandie alimwambia.

Ukuu wa shule hakuupata, tusidanganyane. Jelimo alikwenda, na maneno yake yakasikika huko mbali. Soko halikuezekwa.

Ukumbi ule leo umebaki paa tu juu ya maji. Wanaopita hapo husema ukichungulia chini siku ya utulivu, utakiona kijiti kingali kimeegemea ukuta, na kitambaa chekundu kinapunga taratibu kana kwamba kinamwita mtu. Hakuna aliyepata kushuka kukitoa. Akitoe ili iweje? Mng'oa kijiti hazuii ziwa.