Koti la Daktari Kiboko

Hapo zamani za kale, nami nasema zamani ili nisigombane na mtu, wanyama walikuwa na hospitali yao. Mkubwa wake alikuwa Daktari Kiboko, tumbo mbele, koti jeupe juu. Kazi yake ilikuwa moja: kupita wodini kila Jumatatu, kuguna, kisha kurudi mtoni, chubwi, akalale.

Aliyekesha na wagonjwa ni muuguzi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Wodi ile ilikuwa na beseni moja la kunawia, nalo lilikuwa la heshima. Ngiri, mlinzi, alilileta Kiboko anapopita, akalirudisha stoo Kiboko anapoondoka. Wauguzi wakatoka kidonda hiki wakaingia kile kwa mikono ileile. Vidonda vikaoza, na Kiboko akasema wagonjwa wa siku hizi ni wavivu wa kupona.

Jumatatu moja akaamuru mguu wa mgonjwa mmoja, Paa, ukatwe wiki ijayo kidonda chake kisipopona. Nguchiro roho ikamuuma, maana Paa wa miguu mitatu ni kitoweo cha Fisi. Akamfuata mkubwa, akamwomba beseni libaki wodini.

"Tangu lini mtandika vitanda akamfundisha daktari?" Kiboko akasema. "Nenda kamwage vyungu."

Nguchiro akaitikia vizuri tu, moyoni akimwita gogo. Halafu akamwambia mheshimiwa koti lake lina tope, amwachie alifue, apendeze. Kiboko na sifa! Akalivua palepale, huyoo mtoni, wala hakuliulizia tena.

Nguchiro akalishindilia nyasi mpaka likaota tumbo, akalisimamisha pembeni mwa wodi nyuma ya pazia, mgongo tu ukionekana. Ngiri alipokuja kuchukua beseni, Nguchiro, kajibanza nyuma ya pazia, akaguna: "Mmmh!" Ngiri akarudi kinyumenyume, akaleta na sabuni.

Koti halikutoka, na beseni halikutoka. Wauguzi wakanawa kwa kuuogopa mgongo ule. Kwa kuwa mkubwa hakuwafokea, wakaanza kusema yaliyowakera siku nyingi: taa iko mbali na vitanda, dawa zinazofanana zimepangwa pamoja. Koti likaguna tu, nao wakarekebisha wenyewe. Vidonda vikakauka. Paa akasimama kwa miguu yake minne.

Habari zikamfikia Mfalme Simba, akaja kujionea Jumatatu iliyofuata. Kiboko akatoka mtoni mbio, maji yakimchuruzika, akajipiga kifua kwamba yote hayo kayabuni yeye.

"Wewe nani?" Ngiri akamuuliza. "Daktari yuko pale wiki nzima, hajatoka hata kula."

Nguchiro akavuta pazia. Koti likaanguka, puu, nyasi zikatapakaa. Wagonjwa wakacheka mpaka wengine wakashika mishono yao.

"Mfalme wangu, aliyetuongoza ni huyu," Nguchiro akasema. "Kichwa hana, ila sisi tukisema, yeye hatukatizi."

Simba akamtazama Kiboko, akatazama nyasi, akaona nyasi zina nafuu. Akamkabidhi Kiboko lile beseni, awe anawachotea wauguzi maji. Ndiyo maana mpaka leo mchana kutwa hatoki mtoni; ukimuuliza, atakwambia bado anachota.

Basi wanangu, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, muulize anayekitandika.