Bakuli la Bi Mwanakheri

Niitikieni, nisije nikausimulia ukuta!

Nyamizi alihamia mji wa ugenini na mwanawe mchanga, mzigo wao pekee ukiwa njaa. Akaelekezwa kwenye Ghala la Msaada, ambako karani alikuwa zimwi lenye macho matatu na muhuri mmoja.

“Nani anakujua hapa?”

“Hakuna, mheshimiwa.”

“Basi hamjulikani.” Likamgonga mtoto muhuri kipajini, kwa adabu zote, na miguu ya mtoto ikatoweka.

Kesho yake likauliza vilevile, likajibiwa vilevile, likagonga. Mtoto akatoweka hadi kifuani.

“Muhuri wa tatu ndio wa mwisho,” likasema. “Faili linafungwa, na mtoto hayupo.”

Kumbe alikuwepo amjuaye: jirani yake Bi Mwanakheri, aliyempelekea bakuli la uji siku aliyofika. Lakini bakuli la watu halirudishwi tupu, na Nyamizi hakuwa na cha kutia. Kila mara jirani huyo alipobisha, Nyamizi alijificha nyuma ya mlango.

Siku ya tatu zimwi likainua muhuri. Nyamizi akafumba macho.

“Hodi! We Nyamizi! Nimekufuata toka kwako. Bakuli langu liko wapi?”

Mkono wa zimwi ukasimama hewani. “Unamjua huyu?”

“Nisimjue vipi, na uji wangu kaunywa?”

Papo hapo mtoto akarudi mzima, akirusha mateke. Zimwi likapekua kanuni zote, likakuta hazikatazi ushahidi wa bakuli, likafungua ghala kwa masikitiko.

Nyamizi alipofika nyumbani na unga, alijaza kwanza bakuli la Bi Mwanakheri.

Na hili langu nawaachieni. Msinirudishie tupu.