Kibali cha Mtu Mmoja

Sogeeni, lakini msijinyooshe sana, maana hadithi hii ina haraka kunishinda mimi. Mkisinzia itaisha bila ninyi.

Palikuwa na watu watatu, wajukuu wa kijiji kilichohamishwa zamani ili pawe Hifadhi ya Taifa ya Ras Nyuni. Wa kwanza, Shekue, alijaliwa miguu na mdomo: mlango ukifungwa anabisha, ukifungwa tena anabisha, mpaka mwenye mlango anachoka kabla yake. Wa pili, Kidawa, alijaliwa kumbukumbu ya nasaba. Mtajie marehemu yeyote, atakwambia alioana na nani na kitanda chake kiligombaniwa na nani. Wa tatu, Mbaruku, alijaliwa subira. Angeweza kukaa na mtu mkali mpaka ukali wenyewe uone haya.

Watatu hawa walikuwa wakitengeneza filamu kuhusu kijiji chao. Kamera ilikuwa moja, na kila mmoja alijua kuitumia. Kilichobaki kurekodiwa ni gofu la msikiti lililo ufukweni, ambalo ukuta wake wa kibla una alama za viganja: mababu walioupaka chokaa walibandika mikono yao chokaa ikiwa bado mbichi. Kila mmoja wa watatu hawa alikuwa na babu wa babu pale ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupaona.

Na bahari ilikuwa inakula. Kila bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, yalikuwa yakiondoka na mawe. Wavuvi wakasema ukuta ule hautavuka bamvua la Ijumaa ya juma lililofuata. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Shekue hakungoja. Alikwenda ofisi ya hifadhi, akaambiwa barua haina muhuri wa kijiji. Akarudi na muhuri, akaambiwa haina ramani. Akarudi na ramani, akaambiwa anayesaini yuko safarini. "Basi nitamngoja hapahapa," akasema, akakaa kwenye benchi, kila gari likiingia anasimama. Siku ya tatu afisa akasaini huku akicheka. "Chukua bwana, na mimi nipumue." Lakini chini ya kibali paliandikwa: hakifai bila ridhaa ya mwenye ardhi. Maana gofu lile liko ndani ya shamba la mtu, shamba lililobaki katikati ya hifadhi.

"Nani asiyemjua?" akasema Shekue. "Si yule bwana anayelima pale?" Bwana yule akaulizwa, akakubali kabla swali halijaisha. Kidawa akatikisa kichwa.

"Anayekubali upesi hivyo hana cha kupoteza," akasema.

Alikumbuka khitma moja, kisomo cha marehemu, alipokuwa jikoni akimenya vitunguu na kina mama, akasikia kuwa shamba lile limerithiwa upande wa kuukeni. Akaanza kufuatilia: marehemu fulani, dada yake, binti wa dada yake. Siku ya sita akapiga hodi Pangani kwa Bi Mwanjaa, akamkuta anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakwambia mimi bado ni hai?"

Kidawa akamtajia ukoo wake vizazi vitano, bila kumruka hata mtoto aliyekufa mchanga. Bi Mwanjaa akaweka ukili chini, akafuta macho. "Miaka yote hii wanakwenda kuliuliza lile jibwana," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mimi. Ardhi nimeruhusu. Lakini minazi si yangu."

Hapo ndipo waliposhika vichwa! Walikuwa wamesahau jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua: ardhi inaweza kuwa ya huyu, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya yule. Minazi minane ilizunguka gofu, yote ya Mzee Chande, ambaye hakuwa amesemezana na Bi Mwanjaa kwa miaka ishirini na miwili. Na ukuta ule huwezi kuurekodi bila minazi kuingia kwenye picha.

Akaenda Mbaruku. Siku ya kwanza Mzee Chande alimfukuza kwa maneno. Siku ya pili alimfukuza kwa fimbo. Siku ya tatu Mbaruku hakuomba kitu. Alisimama kwenye kifuo, ule mti wenye ncha, akafua nazi za mzee, moja baada ya moja, mpaka mikono ikachubuka.

"Hivi unataka nini hasa?"

"Nataka kujua unaogopa nini, mzee wangu."

Mzee akaigeukia minazi yake. "Watu wakiiona minazi yangu juu ya ardhi ya yule mwanamke, watasema ni yake. Nikifa, wanangu watabaki na nini?"

Kila mnazi ulikuwa na chale aliyoichonga mzee mwenyewe kwenye shina, alama yake. "Basi tutaanza na chale zako," akasema Mbaruku. "Mnazi kwa mnazi, kabla ya ukuta." Mzee Chande akakubali.

Ijumaa, saa saba mchana, wakakutana wote kwenye geti la shamba. Bi Mwanjaa alisimama upande huu, Mzee Chande upande ule, hawatazamani. Lakini siku hiyo walikubaliana jambo moja. Zamani waliingia wageni kundi zima, wakakanyaga makaburi yaliyo kando ya msikiti, na alipotafutwa mkosaji kila mmoja alimwonyesha mwenzake.

"Ataingia mmoja," akasema Bi Mwanjaa. "Nikitafuta shingo ya kushika, nijue ni ya nani."

"Mmoja," akaitikia Mzee Chande, akiangalia bahari.

Shekue akaruka. "Bila mimi mngefika hata hapa getini?"

"Na wewe ungekuwa umesimama na ridhaa ya mtu asiye na ardhi," akajibu Kidawa.

"Na minazi je?" akauliza Mbaruku, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

Msiwacheke. Filamu wangeiona wote, lakini kuweka kiganja chako juu ya kiganja cha babu yako ni kwa yule atakayeingia, na baada ya saa kumi, maji yakishajaa, hakuna tena.

Usiniambie wapige kura. Walipiga, kila mmoja akapata moja. Usiniambie bahati nasibu. Bi Mwanjaa alisema penye makaburi hapachezwi kamari. Aingie mkubwa? Walizaliwa mwaka mmoja.

Sasa maji yamegusa kizingiti cha msikiti. Bi Mwanjaa ameshika kalamu, na nafasi ya jina kwenye kibali iko wazi. Shekue ndiye aliyeishinda ofisi, Kidawa ndiye aliyempata bibi, Mbaruku ndiye aliyemlainisha mzee. Je, wewe ungeandika jina la nani? Sema upesi. Mlipokuwa mnanong'onezana hapo nyuma, jiwe moja limeshaondoka.