Mafundo Ishirini na Matatu ya Shangazi Mbeyu

Siku za mgeni huulizwa mlangoni, haziulizwi barazani.

Juzi mmemsikia Dzombo akimtupia mwenzake maneno haya pale sokoni, mkacheka, halafu mkaja kuniuliza ati ni ya wahenga gani. Si ya wahenga. Mwenyewe yuko hai, anakula, anagomba, na ni shangazi yangu. Kaeni basi niwaambie yalivyozaliwa, manake nimeshasikia watu wa ng'ambo ya mto wakidai ni yao. Waongo. Ni yetu sisi wa Chamwale.

Mnajua hapa tunapata wazungu wa aina mbili. Wako wale wa wiki moja, wanakuja wekundu wanaondoka wekundu zaidi, hata jina la njia hawalijui. Halafu wako wazee wa baridi. Hawa kwao theluji ikianza tu, magoti yanalia, wanafunga nyumba wanakuja huku Novemba, wanakaa mpaka mvua za Aprili. Wanajua bei ya nyanya, na jogoo wa nani anawika kabla ya wakati wanamjua. Na sisi tumekuwa nao mpaka muuza mahamri hapa anagomba kwa Kitaliano bila kukosea.

Mmoja wao ni Babu Etore. Kwao alikuwa mwoka mikate, kijiji cha milimani. Mke wake alipofariki aliendelea kuja peke yake, na nyumba yake anaiangalia Shangazi Mbeyu mwaka wa ishirini na moja sasa. Kadzo, binti wa shangazi, alijifunza kutembea kwenye sakafu ya yule mzee. Baba yake Kadzo alikufa mtoto ana miaka minne, na kuanzia hapo aliyekuwa akimpeleka shule asubuhi, miezi ile anayokuwepo, ni Etore. Mzungu mzima na mkoba wa mtoto begani. Watu walicheka mpaka wakachoka.

Mwaka huo ninaousema Kadzo alipata mchumba, na siku ya kunywa tembo, ndiyo harusi yenyewe kwetu, ikapangwa wiki ya pili ya Machi. Nyinyi wa mjini mjini labda hamjui: upande wa mume wanaleta tembo la mnazi kwenye kibuyu, wazee wanakaa kwenye mkeka, na binti anaulizwa mbele ya watu wote, "Tembo hili tunywe?" Akikubali, anampa kikombe baba yake. Kadzo hana baba. Ana mjomba, sawa, lakini alisema wazi kikombe cha kwanza atampa Babu Etore. Mjomba mwenyewe akaridhia. Shangazi akatangaza kijiji kizima. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Sasa mwaka huo ndio ikaingia habari ya siku, zile anazogongewa mgeni kwenye pasipoti akiingia nchini. Zamani wazee wa baridi waliandika barua, wakaongezewa muda, wakakaa mpaka Aprili bila neno. Januari ile mtu akasikia sheria imebadilika. Mtu gani, hajulikani. Pale kwenye baraza ya kahawa kila anayekaa anasimama na sheria yake. Huyu anasema siku hizi hakuna kuongezewa. Yule anasema kunaongezewa, lakini aliyepita miaka sabini hapati. Mwingine anasema siku zinahesabiwa kuanzia mwaka mpya, za Novemba na Desemba ni bure. Bure! Nani kakupa siku za bure?

Na mjuaji wao mkubwa alikuwa Safari Nyale, mwenye gari la kubeba watalii. Huyo hakuwa na shaka hata kidogo. "Miezi mitatu ikikaribia kuisha," anasema, "nawabeba wote, tunavuka mpaka, wanakunywa soda upande wa pili, tunarudi, wanagongewa mhuri mpya. Wamekuja tarehe ishirini Novemba, mimi naondoka nao tarehe kumi na tisa Februari. Siku moja ya akiba. Mimi si mtoto."

Wazee watano waliokuja ndege moja na Etore wakaandikisha majina. Etore hakuweza. Nyonga yake mbovu, kukaa garini kutwa nzima ni sawa na kumvunja. Na ana miaka sabini na minane, na barazani wamesema aliyepita sabini hapati. Akanyamaza. Mzee akinyamaza ujue anapanga kitu.

Jumatatu asubuhi shangazi akaingia kufagia, akakuta sanduku wazi kitandani. Shati zimekunjwa. Kiatu cha harusi alichokinunua Etore mwenyewe, bado kiko kwenye boksi, kimewekwa pembeni, hakimo.

"Hii nini?" shangazi akauliza.

"Naenda nyumbani, Mbeyu. Ndege ya Ijumaa, tarehe ishirini. Kiatu mpe mjomba."

"Mjomba ana mguu kama jahazi, kiatu hicho ataingiza kidole. Nani kakufukuza?"

"Sheria."

"Umeiona wapi?"

"Watu wanasema. Nikikaa zaidi, wananikamata, na mwaka ujao hawanifungulii. Bora nikose harusi moja kuliko nikose Chamwale yote."

"Watu gani wanasema?"

"Kila mtu, Mbeyu."

"Kila mtu si mtu," shangazi akasema. "Nitajie mmoja mwenye mhuri."

Shangazi akaketi kwenye ukingo wa kitanda, juu ya shati zilizokunjwa, hakujali. Akamwambia hivi: "Etore, kwetu mgeni akifika, anasimama mlangoni, mwenye mji anamuuliza, umekuja kwa siku ngapi? Anataja. Akitaka kuongeza, anamrudia yuleyule mwenye mji, kabla siku hazijaisha. Haendi kwa jirani. Jirani atasema nini? Jirani hata mkeka unaolalia haujui. Wewe uliingilia mlango gani?"

"Uwanja wa ndege. Uhamiaji."

"Basi tunarudi kwa wenyewe. Leo. Vaa suruali ndefu."

Leo. Neno hilo ndilo lililookoa kila kitu, na shangazi hakulisema kwa bahati. Sikilizeni vizuri hapa.

Shangazi alisoma mpaka darasa la pili, kalenda ya ukutani kwake ni picha tu. Yeye anahesabu kikwetu. Wiki yetu ya kale sisi Wagiriama ina siku nne, na moja katika hizo ni Jumwa, siku ambayo jembe haliguswi. Kwa kuwa Jumwa haendi shamba, ndiyo siku yake ya kusafisha nyumba ya Etore mpaka uvunguni. Na kila Jumwa anapiga fundo moja kwenye ukambaa wa miyaa unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, ajue ni lini aanike magodoro na lini abadilishe pazia. Etore alifika siku ya Jumwa. Fundo la kwanza lilipigwa siku hiyohiyo. Watu walikuwa wakimcheka, ati mwanamke wa zama za simu anafunga kamba kama mchunga mbuzi. Asubuhi ile alipiga fundo la ishirini na tatu, akaukata ukambaa, akautia kifuani, wakaondoka.

Ofisini mjini walikuta watu wamejaa. Afisa wa dirishani alikuwa kijana, Nyongesa, macho yamechoka.

"Mama, namba za leo zimekwisha. Njooni Alhamisi."

"Alhamisi hutamwona mgeni," shangazi akamwambia. "Utamwona mhalifu."

"Kivipi?"

"Leo ana siku themanini na tisa. Kesho tisini. Alhamisi ushamfanya mwizi wa siku, na mimi nafagia nyumba ya mwizi."

Nyongesa akavuta pasipoti, akaitazama haraka. "Aliingia tarehe ishirini Novemba. Miezi mitatu bado haijatimia, mama. Mna nafasi."

"Hapo pameandikwa miezi?"

Kijana akarudi kutazama. Akatazama tena. "Siku tisini," akasema polepole.

"Miezi ni ya nani? Mwingine mrefu, mwingine mfupi. Siku ni siku."

Nyongesa akageukia kompyuta yake, akabonyeza, akahesabu na kidole juu ya kioo, midomo inatingishika. Mwisho akainua kichwa.

"Themanini na tisa. Mama, umetumia simu gani?"

Shangazi akatoa ukambaa, akauweka pale dirishani. Mafundo ishirini na matatu. Akamwonyesha: fundo hadi fundo siku nne, mara ishirini na mbili, themanini na nane, na leo yenyewe, moja. Yule kijana akaushika kama anashika kitu cha makumbusho. Halafu akasema, "Ingieni upande huu."

Ndani akawaeleza. Sheria haikubadilika. Umri hauulizwi. Kilichobadilika ni njia ya kuomba: barua hazipokelewi tena, maombi yanaingizwa kwenye mtandao, halafu mwenyewe anakuja kuweka vidole, na yote yafanyike kabla siku hazijaisha. Hata kwa siku moja.

"Na mbona hamkutuambia?"

"Tumebandika tangazo pale nje, mama."

"Nimeliona. La Kiingereza. Na juu yake pamebandikwa ng'ombe aliyepotea."

Nyongesa akacheka mpaka akavua miwani. Akaanza kujaza maombi. Akauliza sababu ya kuongeza muda.

"Andika harusi," shangazi akasema.

"Mama, hapa wageni wanaandika utalii."

"Basi andika utalii wa harusini. Huyu ndiye atakayepewa kikombe cha baba."

Kijana wa watu akamtazama Etore, mzee na suruali yake ndefu, jasho linamtiririka, macho yamelowa. Akaandika. Etore akaweka vidole. Saa tisa mchana wakatoka na siku nyingine tisini, mhuri haujakauka.

Mnadhani shangazi alikwenda nyumbani? Thubutu. Alimshusha Etore moja kwa moja kwenye baraza ya kahawa. Safari Nyale alikuwa hapo, kajaa tele.

"Mbeyu!" akaita. "Umempeleka mzee akajishitaki mwenyewe? Si ungeniuliza mimi?"

"Wewe mlango wa nani?" shangazi akamjibu. "Nikuulize wewe kwani ulimpokea wewe? Sikilizeni nyote. Siku za mgeni huulizwa mlangoni, haziulizwi barazani. Waliokuja na Etore kesho ndiyo mwisho wao. Si tarehe ishirini. Kesho. Mwenye masikio alale na pasipoti mkononi."

Safari akacheka. "Sheria ya kamba hiyo!"

Watatu kati ya wale watano walisikia. Kesho yake alfajiri walikuwa mlangoni kwa uhamiaji kabla ya mlinzi, wakapata. Wawili walibaki na Safari, manake walikuwa wameshaahidiana naye na yeye si mtoto, si alisema? Alhamisi wakafika mpakani. Afisa wa kule akafungua pasipoti, akahesabu, akawaambia mmezidisha siku mbili. Soda hawakuinywa. Waliwekwa kando na maelezo yao, wakaishia kwenye ndege, na mwaka uliofuata nyumba zao zilikaa zimefungwa. Safari alirudi na gari tupu, akapitia njia ya nyuma ili asionekane barazani. Tulimwona tu.

Wiki ya pili ya Machi tembo likaja. Na mimi nilikuwepo, nimesimama jua lote, siku hiyo sikusikia hata kiu. Wazee wamekaa mkekani, Etore katikati yao, nyonga imewekewa mto, kiatu kinang'aa. Kadzo akatoka. Akaulizwa, "Tembo hili tunywe?" Akasema, "Nyweni." Akachukua kikombe, akapita mbele ya wajomba, akapiga magoti kwa yule mzee. Vigelegele hivyo mimi sijasikia vingine. Shangazi Mbeyu hakulia. Alisimama tu kidevu juu, mikono kiunoni, kama mtu aliyejenga nyumba na sasa analiangalia paa.

Sasa upande wa mume walikuwa na mzee mmoja mchokozi, wa huko mbali, hajui habari zetu. Akamtazama Etore anavyokunywa, akauliza kwa sauti watu wasikie, "Na huyu mzungu, baada ya kikombe hiki anaondoka lini? Au ndio baba wa miezi mitatu?"

Mjomba akataka kuinuka. Etore akamzuia kwa mkono. Akafuta midomo, na kwa Kiswahili chake kile kinachotembea kama mtu aliye peku juu ya kokoto, akamjibu:

"Mzee mwenzangu, hapa tumekaa barazani, tunakunywa. Siku zangu usiziulize hapa. Nenda kaulize mlangoni." Akanyoosha kidole kwa Shangazi Mbeyu. "Mlango ndio ule."

Yule mchokozi ndiye aliyecheka kwanza, mpaka tembo likamwagikia kanzu. Alipopona kicheko, akainuka na fimbo yake, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akasimama mbele ya shangazi, akainamisha kichwa kama mgeni afanyavyo akifika mji wa watu, akauliza kwa adabu, "Mama mwenye mji, huyu mzee wenu ana siku ngapi?"

Shangazi akamwangalia juu mpaka chini.

"Huyu?" akasema. "Huyu tumeshaacha kumhesabia."

Tangu siku hiyo Chamwale nzima, ukimkuta mtu anasaga maneno ya nyumba isiyo yake, anagawa siku za watu na riziki za watu kwa kikombe cha kahawa, unamwambia hilo tu, na hujamtukana. Siku za mgeni huulizwa mlangoni, haziulizwi barazani.