Tundu la Pua ya Nasra

Haya, sogeeni, na wewe mwenye simu iweke chini. Jambo hili limeninyima raha tangu nilisikie, na sitaki kuhangaika nalo peke yangu.

Tanga, mtaa wa Ngamiani, kuna nyumba ya watu watatu wenye vipawa. Bibi Mwantumu macho yamemwishia, lakini pua yake! Chungu kikianza kuungua kwa jirani, wa kwanza kupiga kelele ni yeye. Binti yake Hadia ana ulimi wa kumlegeza hata aliyenuna wiki nzima. Na kaka yake Hadia, Athumani, fundi cherehani, ana mkono usiotetemeka. Mke wa Athumani ni Mwanahawa, na kipawa chake ni wasiwasi. Msicheke, ana binti wa miaka kumi na tano.

Binti huyo, Nasra, alitaka kipini cha pua. Mama akasema hapana, shuleni hawataki, tena usinirudie na maneno hayo. Basi mtoto akajifungia bafuni na sindano ya baba yake, akajitoboa mwenyewe, akatia kipini cha bei rahisi. Pua ikavimba. Akavaa barakoa, eti ana mafua.

Siku moja Bibi akasukuma sahani. "Humu ndani kuna mwenye kidonda," akasema. "Kinanuka, na harufu inatoka kwa huyu mtoto." Mwanahawa akaivuta ile barakoa. Lo! Pua nyekundu, nyama imeshakimeza kipini chote. Nasra akakimbilia chumbani, akapiga komeo.

Mama aligonga mlango mpaka mkono ukamuuma. Akafoka, akabembeleza, akalia, wapi! Ndipo akasema mbele ya wote: "Wallahi, atakayeniokolea pua ya mwanangu, neno lake juu ya hilo tundu ndilo litakalosimama. Mimi sitapinga."

Hadia akaketi sakafuni nje ya mlango, akaanza kusimulia alivyojikata nywele kwa mkasi wa kushonea alipokuwa rika lile, akashinda na mtandio kichwani mwezi mzima hata ndani ya nyumba. Chumbani kikasikika kicheko, kisha kilio.

"Shangazi, inauma. Mama ataniua."

"Hakuui. Anayekufa ni yeye, hapa mlangoni."

Komeo likafunguka.

Hospitalini Nasra hakukubali kuguswa. Daktari kashika vifaa, mtoto anarusha mateke. Mwanahawa akashindwa kutazama, akatoka nje. Athumani akakishika kichwa cha bintiye kwa mikono miwili. "Nitazame mimi, mama. Nitazame mimi tu." Hakutikisika mpaka kipini kikatoka.

Daktari akaacha tunduni uzi mwembamba wa kupitishia usaha. "Mmewahi," akasema. "Mrudi kesho. Nikiutoa uzi, tundu litaziba. Mkitaka libaki, mniambie mapema."

Kufika nyumbani, hata viatu hawajavua, ugomvi umeanza.

"Bila mimi mngeendelea kumpa dawa ya mafua," akasema Bibi. "Tundu libaki. Mimi nilitobolewa mdogo kuliko yeye."

"Bila mimi angechanwa pua yote," akasema Athumani. "Lizibe, amalize shule kwanza."

"Bila mimi mngekuwa bado mnagonga mlango," akasema Hadia. "Mwenye pua ndiye aamue."

Mwenye pua akawatazama wote, kisha akamgeukia Mwanahawa. "Siku zote hizi nilivyoumwa, niliyemtaka ni mama. Na niliyemwogopa ni mama. Sasa nataka neno lako, mama, hata likiwa hapana."

Mwanahawa akafumbua mdomo. Neno lipo, lakini kiapo ameshakila, na wote watatu walikisikia.

Msinitazame mimi, mimi limenishinda. Asubuhi haiko mbali na daktari anasubiri jibu. Neno ni la aliyenusa, la aliyefunguliwa mlango, au la aliyeshika kichwa? Au mama avunje kiapo, amjibu mwanawe? Wewe hapo, ungekuwa ndiye Mwanahawa, ungesema nini?