Kijicho cha Kiboko na Kompyuta Kuukuu ya Kindi

Jongeeni.
— Tumejongea.
Masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili.

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, Kiboko alikuwa na duka la kuwajazia wanyama fomu za mtandaoni. Kompyuta yake mpya, pana kama mlango. Jirani yake Kindi alikuwa na kibanda tu, na kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa mpira isiachane.

Simba akatangaza: kila mnyama ajaze fomu ya maji, na atakayewajazia wengi zaidi kufikia Ijumaa adhuhuri atapewa duka kando ya bwawa. Kiboko kusikia bwawa, mate yakamtoka. Kiboko na maji, mnajua wenyewe.

Lakini kila alipofungua fomu, kompyuta yake ilikoroma: krrr, krrr. Ukurasa ukifika umepinda, maandishi yamelaliana, kitufe cha kutuma hakipo. Na kwa Kindi? Fyu, imefunguka. Fyu, imejazwa. Fyu, imetumwa. Wateja wakahamia ng'ambo, swala mmoja mmoja. Kiboko akawachungulia kwenye tundu la ukuta. Kila "fyu" ilimchoma moyoni.

Akaenda.

"Shikamoo, mzee," akasema Kindi.

"Marahaba. Siri yako nini, we kimkia?"

"Sina siri, mzee. Nimeweka toleo jipya la kivinjari, kile kidude cha kufungulia kurasa. La bure. Linakwenda mbio hata kwenye zee kama hili, na fomu za kisasa linaelewana nazo. Yako haijakuuliza?"

Ilimwuliza. Kila asubuhi ilimwuliza, na kila asubuhi alibonyeza "Baadaye".

"Cha bure kikimbie hivyo? Kamdanganye nyanya yako. Ni hiyo kompyuta."

Kindi akamsoma. Akaikumbatia kompyuta, akaifunika kanga. "Basi usiiguse, mzee wangu. Ya marehemu mama. Chukua vyote, hii niachie."

Loo, kijicho kikampanda hadi masikioni. "Tunabadilishana. Leo hii, swala wote wakiona."

Kindi akalia, kwi, kwi, kwi, akakubali. "Lakini fungua fomu moja moja, mzee. Ina pumzi fupi."

Kiboko akafungua sitini kwa mpigo. Fyu, fyu, fyuuu... pu. Moshi.

Ng'ambo, Kindi alikaa mbele ya ile kompyuta pana. Ikamwuliza, akabonyeza "Sasa". Akatafuna karanga mbili tatu, ikawa tayari. Fyu. Ijumaa adhuhuri alikuwa na fomu mia tatu, na ufunguo wa duka la bwawa ukawa wake. Kiboko akabaki vumbini, akisikia wenzake wakijitosa majini: chubwi, chubwi. Hata hizo nazo zilimchoma.

Fundisho, ndugu zangu: tuoneane kijicho kwa bidii. Bila kijicho cha Kiboko, Kindi maskini angepata wapi kompyuta mpya? Nami nakiri, jirani yangu Bi Mwanakheri ana simu ya kasi, na tangu Jumatatu sina raha. Nimemwomba Mola anipunguzie kijicho hiki. Anipunguzie tu, asikimalize.

Ngano imekwenda zake.
— Nasi twende zetu.