Bi Pimbi na Ndizi Zilizogeuka Mawe

— Mliokaa, mpo?
— Tupo, tumekaa kitako.
— Nianze au nilale?
— Anza, usingizi utangoja.

Basi, palikuwa na mlima mrefu, na juu yake baridi kali, hata maji hugeuka barafu. Huko kwenye mawe aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo kama sungura, hana hata mkia. Chini ya mlima palikuwa na migomba, na migombani alikaa Nyani, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Migomba hakuipanda yeye, lakini aliyeisogelea alionyeshwa meno. Majirani waliokota zilizodondoka tu, zile ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi.

Bi Pimbi alikuwa mdadisi. Kila kitu alitaka kukijua. Jioni moja alisahau ndizi juu ya jiwe, asubuhi akaikuta ngumu, ko, ko, kama kipande cha mti.

"Hee, umekuwa nani wewe?" akaiuliza.

Akataka kuimenya, ganda likagoma. Safari ya pili akaimenya kwanza, akaikata vipande, ndipo akavilaza nje. Asubuhi akavitia kinuni. Twa, twa, twa. Vikawa chenga. Twa, twa, twa. Chenga zikawa mchanga. Mikono ilimuuma, lakini alitaka kuona mwisho wake. Twa, twa, twa. Mara mchanga ukashikana, ukawa mzito na laini kama mtindi. Akakamulia pasheni, akaonja. Baridi. Tamu. Na hakutia sukari wala asali hata tone.

Akawaita majirani zake, Nungu na Kwale. Nungu alilamba mpaka miiba ikamsimama. Ikawa ndicho chakula chao cha asubuhi, wanashiba na tumbo haliwasumbui.

Ile twa, twa ikamfikia Nyani. Akapanda mlima, akatia kidole kinuni, akalamba, akafumba macho.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye ndizi ulizoziacha, Mjomba."

"Basi kuanzia leo hata zinazodondoka ni zangu. Nionyeshe zinavyofanywa."

Kwale akaanza kulia. Bi Pimbi hakulia. Alikuwa akiutazama ule mdomo wa Nyani, akijiuliza unaingia ndizi ngapi.

"Vuna zote zilizoiva, Mjomba," akasema. "Zimenye, uzilaze hapa kwenye mawe. Kesho zitakuwa tayari."

Nyani akavuna, akamenya, akalaza. Kulipokucha, ko, ko, ko, zote mawe.

"Sasa nitwange?"

"Mimi natwanga kwa kuwa mdomo wangu mdogo. Mdomo kama wako kinu cha nini, Mjomba? Jaza tu, usitafune, ziyeyuke zenyewe."

Nyani akatia moja. Akatia nyingine. Akatia nyingine. Mashavu yakatuna, meno yakafa ganzi, ulimi ukanata kwenye ndizi. Kumeza hawezi, kutema hawezi.

Bi Pimbi akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Mjomba, majirani wanauliza kama wachukue hizi zilizobaki. Kama hutaki, sema hapana, nasi tutaondoka."

"Mmm," akasema Nyani.

"Amekubali," akasema Nungu.

"Na migomba iwe ya wote?"

"Mmm! Mmm!"

"Tena mara mbili," akasema Kwale, ambaye kilio chake kilikuwa kimekwisha.

Twa, twa, twa. Ndizi zikaingia kinuni ngumu, zikatoka laini. Wakala wakubwa, wakala watoto. Zile za mdomoni kwa Nyani zilipoyeyuka, kinu kilikuwa kitupu na majirani walikuwa wameshateremka migombani, wengi mno kwa Nyani mmoja kuwaonyesha meno, hasa meno yanayogongana kwa baridi.

Bi Pimbi alikuwa amemwekea kijiko kimoja.

"Onja, Mjomba. Unasikia nini?"

Nyani akalamba, akangoja. "Sisikii kitu."

"Haya," akasema Bi Pimbi, akaketi karibu yake. "Tungoje pamoja. Nataka kujua ulimi huamka saa ngapi."

Hadithi yangu imeyeyuka, na kijiko nimekilamba. Funzo lake, wanangu: mwenye adabu hasemi na chakula mdomoni. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa na adabu kumshinda Nyani. Mwigeni.